Je, Ni Wajibu Kumtafuta Ndugu Aliyepotea?

Ninyi wakatekumeni mnaojiweka tayari kwa Ubatizo mtakatifu, mara nyingi katika mafundisho mnauliza swali hili: «Ndugu yetu alitoka nyumbani zamani, wala hatujapata habari yake. Je, Mungu anatudai tumtafute? Au yatosha kumwachia Mungu mwenyewe?» Swali hili ni zito. Wengine hulijibu kwa machozi, wengine hulijibu kwa uchovu. Sisi tujaribu kulijibu polepole, kwa nuru ya akili na kwa nuru ya imani.

Mtu akifa, kifo chake kina desturi. Kuna kaburi, kuna matanga, kuna siku ya kumaliza kilio, na baada ya siku hiyo mjane huoga, hubadili nguo, hurudi shambani. Lakini mtu aliyepotea hana kaburi wala siku. Mama yake hawezi kulia kama mfiwa, wala hawezi kufurahi kama mama wa mtoto aliye hai. Kila mgeni anayetokea njiani humshtua moyo. Wazee wetu walisema kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo. Na mama huyu, macho yake yanaona, lakini moyo wake haujui kama uishi au ufe. Ndiyo sababu swali hili si la wanafunzi wa shule kubwa tu. Ni la kila kijiji chetu.

I. WALIOPOTEA KATIKA NCHI YETU

Nchi yetu ya Kongo inajua jambo hili tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya wafanya biashara ya watumwa ilitoka Unguja na pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikafika hata Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Watu walikamatwa shambani na kisimani, wakafungwa minyororo, wakapelekwa mbali. Aliyebaki kijijini hakujua kama nduguye alikufa njiani, au aliuzwa Ujiji, au alivushwa bahari. Mapadri Weupe walipofika Mpala mwaka 1885, walianza kuwapokea na kuwakomboa watoto wa namna hiyo, waliokuwa mbali na baba na mama zao.

Kisha zikaja safari nyingine. Katika vita vya 1914–1918, jeshi la Kongo ya Wabelgiji lilikwenda mpaka Tabora na kuuteka mji huo Septemba 1916. Wapagazi zaidi ya 200,000 walichukuliwa kubeba mizigo ya vita hivyo, na wengi hawakuonekana tena kwao. Baadaye migodi ya shaba ya Katanga iliwaita vijana kutoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Kijana aliaga kwa kusema atarudi mkataba ukiisha. Miaka ikapita, barua zikakoma.

Nasi wenyewe tumeona mengine. Tumeona maasi ya mwaka 1964. Tumeona watu wa Kasai wakifukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993. Mwezi wa Julai 1994 umati mkubwa sana wa watu ulivuka kutoka Rwanda ukaingia Goma kwa siku chache tu. Vikafuata vita vya 1996–1997, na vile vya 1998–2003. Mlima Nyiragongo ulitoa moto tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021; na mwezi wa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa kwa silaha. Miaka ni mbalimbali, lakini habari ni moja: watu wanakimbia usiku, njia inajaa, mkono wa mtoto unaachana na mkono wa mama, na kulipokucha kila mmoja yuko upande wake.

II. KWA NINI TUNADAIWA

Tuseme wazi: ndiyo, kumtafuta ndugu aliyepotea ni wajibu. Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni damu. Amri ya nne ya Mungu inatuagiza kuwaheshimu baba na mama, na Eklezia inatufundisha kwamba amri hiyo inafika hata kwa ndugu, kwa wazee na kwa ukoo mzima. Mtu hawezi kumheshimu baba yake, na huku asijali kama mtoto mwingine wa baba huyo anakula au analala njaa.

Sababu ya pili ni thamani ya mtu. Bwana wetu Yezu Kristu alitupa mfano wa mchungaji mwenye kondoo mia. Alipopotea mmoja hakusema kwamba wale tisini na tisa wanatosha. Alitoka. Kwa wenye kuhesabu, mmoja katika mia ni kitu kidogo. Kwa mwenye kupenda, huyo mmoja ana jina. Vivyo hivyo, kila mtu aliyepotea ameumbwa kwa sura ya Mungu, hata akiwa ni mjomba mlevi, hata akiwa ni mtoto asiyejua bado kusema vizuri.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kupita zote. Mungu mwenyewe ndiye aliyeanza kutafuta. Adamu alipojificha kati ya miti, Mungu alimwita na kuuliza alipo. Kaini alipomwua Abeli, Mungu alimwuliza ndugu yake yuko wapi, na Kaini akajibu kana kwamba hakupewa kazi ya kumlinda ndugu yake. Jibu hilo ndilo dhambi iliyofuata juu ya dhambi ya kuua. Tazameni vema, ninyi wakatekumeni: mnapokaribia Ubatizo, ninyi wenyewe ni watu waliotafutwa wakapatikana. Hamkumtafuta Kristu kabla yeye hajawatafuta. Basi mtu aliyetafutwa kwa upendo mwingi namna hiyo atawezaje kusema kwamba kumtafuta mwenzake si kazi yake?

III. MIGUU, MASIKIO NA MOYO

Lakini hapa wengine watajibu: «Mimi ni maskini. Nina watoto sita na shamba moja. Kaka yangu alipotea miaka 20 iliyopita. Je, niwaache watoto niende kumtafuta msituni?»

Hapana. Mungu hamdai mtu asichoweza. Baba anayeuza mbuzi wa karo ya watoto kila mara anaposikia uvumi, akaenda huku na huku bila njia, anawapoteza walio hai kwa ajili ya yule asiyejulikana alipo. Kwa hiyo tutofautishe namna tatu za kutafuta: kwa miguu, kwa masikio, na kwa moyo.

Kutafuta kwa miguu ni kuulizia, kusafiri, kuandika, kupeleka habari. Kazi hii ina kipimo chake, yaani nguvu na mali ya mtu, na haki ya wale anaowalisha. Tujifunze kwa Bikira Maria na Yosefu mtakatifu. Mtoto Yezu alipokuwa na miaka 12, alibaki Yeruzalemu bila wao kujua. Walipotambua kwamba hayumo katika msafara, walimtafuta kwanza kati ya jamaa na rafiki. Hawakumwona. Ndipo waliporudi njia ile ile mpaka mahali walipoachana naye, na baada ya siku tatu walimkuta hekaluni. Walitafuta kwa uchungu, lakini walitafuta kwa utaratibu: kwanza jamaa, kisha njia, kisha mahali pa mwisho.

Nasi tufuate utaratibu huo. Kwanza tuwaulize wazee, na mtoto anayejua kuandika aandike majibu yao: jina la aliyepotea, la nyumbani na la Ubatizo, majina ya baba na mama, kijiji na usultani, mwaka alioondoka, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na alikuwa na nani. Wazee wanakufa, na habari zinakufa pamoja nao. Daftari la senti chache laweza kuwa na faida kuliko safari kubwa isiyo na habari.

Tena kuna vitabu vya misioni. Wengi wenu hamjui kazi ya vitabu hivi. Mtu akibatizwa, padri huandika katika kitabu cha Ubatizo jina lake, wazazi wake, na msimamizi wake. Mtu huyo akifunga ndoa mbele ya Eklezia katika parokia nyingine, hata mbali sana, padri wa huko anapaswa kupeleka habari kwenye parokia ya Ubatizo, ili iandikwe pembeni mwa jina lake. Kwa hiyo inaweza kutokea kwamba kijana aliyebatizwa Kasongo, aliyepotea machoni pa ukoo wake, ameandikwa katika kitabu cha Kasongo kwamba alifunga ndoa Lubumbashi. Mwendeeni padri au katekista, mwombe kwa heshima atazame.

Kuna pia kazi ya Msalaba Mwekundu. Kamati yake ilianzishwa Geneva mwaka 1863, baada ya Henry Dunant kuona mateso ya majeruhi wa vita vya Solferino mwaka 1859. Mwaka 1870, Ufaransa ilipopigana na Waprusia, chama hicho kilifungua Basel nyumba ya kupokea na kutoa habari za askari waliojeruhiwa na kutekwa. Katika vita vya 1914–1918 waliandika Geneva kadi zipatazo milioni 7, kadi moja moja kwa mkono, ili mama ajue mtoto wake yuko wapi. Kazi hiyo haikukoma. Hata katika Kongo yetu watu wa Msalaba Mwekundu huandika majina ya watoto waliotengana na wazazi, huwapelekea watu barua za jamaa zao, tena hawatozi malipo. Mtu akikupigia simu akasema, «Nina ndugu yako hapa, tuma pesa kwanza,» usitume. Enda kwanza kwa padri, kwa chifu, au kwa watu wa Msalaba Mwekundu, mpime maneno hayo pamoja.

Eklezia nayo ilifanya kazi ya namna hiyo. Papa Pio XII alifungua Vatikani ofisi ya habari za wafungwa wa vita, iliyofanya kazi tangu mwaka 1939 hata 1947, na Redio Vatikani ilisoma majina ya watu ili jamaa zao wasikie. Basi mwenye kumtafuta ndugu asidhani anafanya jambo la dunia tu. Anafanya tendo la huruma.

Namna ya pili ni kutafuta kwa masikio. Miguu ikichoka, masikio yabaki wazi. Maana yake, jina la aliyepotea lisizikwe. Watoto walijue. Mgeni akifika kijijini apewe maji, aketi, aulizwe ametoka wapi na amewaona nani. Redio ikisoma majina, mtu asizungumze. Kutafuta kwa namna hii hakuna gharama, kwa hiyo hakuna mwenye udhuru.

Namna ya tatu ni kutafuta kwa moyo, yaani kwa sala. Hapo hakuna umaskini, wala umbali, wala miaka. Katika kitabu cha Tobia tunamwona Ana, mama yake Tobia, jinsi alivyotazama kila siku njia aliyoiendea mtoto wake. Hakuwa na la kufanya ila kutazama na kulia mbele ya Mungu. Wala hakujua kwamba malaika Rafaeli alikuwa akitembea na mtoto wake wakati wote huo.

IV. MWENYE HABARI ANAYENYAMAZA

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikiri. Mara nyingi habari ipo, ila imefichwa.

Mnakumbuka habari za Yosefu mwana wa Yakobo. Ndugu zake walimwuza kwa vipande 20 vya fedha, wakachovya kanzu yake katika damu ya mbuzi, wakampelekea baba yao. Yakobo akaomboleza, akakataa kufarijiwa. Tangu siku hiyo mpaka Yosefu alipojitambulisha Misri, ilipita miaka ipatayo 22. Miaka yote hiyo wale ndugu walikula pamoja na baba yao, wakamwona akilia, na ukweli ulikuwa kinywani mwao. Walimtesa Yosefu siku moja, lakini walimtesa baba yao miaka 22.

Katika nchi iliyopita vitani, watu wa namna hiyo si wachache. Mmoja alimwona jirani akichukuliwa na wenye silaha, lakini ananyamaza kwa sababu analima shamba la jirani huyo. Mwingine alimzika mtu njiani, anaogopa kuulizwa. Mwingine analea mtoto aliyemwokota wakati wa kukimbia, anampenda, anaogopa kunyang'anywa. Kwa huyu wa mwisho tuna huruma kubwa, maana amefanya kazi njema. Lakini hata yeye hana ruhusa ya kumficha mtoto damu yake. Mtoto si mali ya kuokota.

Kwa hiyo mjue: mwenye habari ya mtu aliyepotea anadaiwa kuitoa, kwa busara, asijitie yeye na wengine katika hatari ya kufa. Asipoweza kuisema mbele ya watu, amwambie padri. Kunyamaza kwa ajili ya faida ni kosa juu ya upendo na juu ya haki. Tena habari njema ya uongo nayo ni dhambi. Kumwambia mama, «Nilimwona mwanao Kisangani, mnene, amevaa vizuri,» ili tu afurahi siku moja, ni kumpa jiwe mahali pa mkate.

V. NJIA ILIYOKATAZWA

Mtu anapoteseka kwa kutojua, mara huambiwa aende kwa mpiga ramli. Hapo wakatekumeni wengi hujaribiwa, tena huona aibu kusema. Tusiwacheke. Shauku yao ni njema. Njia ndiyo mbaya.

Amri ya kwanza yakataza ramli. Katekisimu ya Eklezia Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inazikataa namna zote za kubashiri mambo yaliyofichika kwa njia hizo, kwa maana ni kutaka kushika uwezo ulio wa Mungu peke yake. Lakini fikirini pia matunda yake. Mpiga ramli hawezi kusema, «Sijui,» maana angekosa malipo. Basi husema, «Amekufa, na aliyemla ni shangazi yake mzee.» Kumbe kijana yuko Kalemie anavua samaki! Lakini nyumbani shangazi amekwisha kufukuzwa, nyumba yake imechomwa, na ndugu hawasalimiani tena. Ukoo ulikwenda kumtafuta mmoja, ukapoteza wawili.

Mkristu ana ujasiri wa kusema, «Sijui, Mungu anajua.» Maneno haya ni machache, lakini yamelinda roho nyingi.

VI. ASIYEKUWAPO NA LAKE LIPO

Wahenga husema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii inaonya mtu awahi kikaoni, na kwa hiyo ni ya kweli. Lakini wengine huigeuza kuwa sheria ya kunyang'anya. Kwa Mkristu, asiyekuwapo na lake lipo. Shamba lake linaweza kulimwa na nduguye lisiwe pori, lakini nduguye ajue kwamba ni mlinzi tu. Watoto wake wapewe haki yao. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, nayo ina mafungu juu ya mtu asiyeonekana, na neno la mwisho juu ya mali yake ni la tribinali, si la mjomba mwenye sauti kubwa.

Jambo gumu kuliko yote ni ndoa. Tuweke mfano. Mama mmoja Mkristu aliolewa mbele ya Eklezia. Mwaka 1998 mumewe alichukuliwa na wenye silaha abebe risasi, hakurudi. Mama huyu amelea watoto peke yake. Sasa mwanamume mwema anataka kumwoa. Je, amekuwa huru kwa sababu ya miaka mingi?

Eklezia inajibu: miaka peke yake haitoshi, hata ikiwa mingi. Kifungo cha ndoa hakikatwi na umbali, bali na kifo. Lakini msidhani kwamba Eklezia inamwacha mama huyu gizani. Sheria ya Eklezia, iliyotolewa upya mwaka 1983, inampa Askofu uwezo wa kufanya uchunguzi. Husikilizwa mashahidi, hupimwa uvumi na dalili, huulizwa alichukuliwa wapi, na walioenda pamoja naye walipatwa na nini. Askofu akipata hakika ya kutosha moyoni kwamba mume amekufa, anaweza kutangaza hivyo, na mama ataweza kuolewa. Mnaona sasa kwa nini kutafuta ni wajibu, na kwa nini kuficha habari ni dhambi kubwa: shahidi mmoja anayenyamaza anaweza kumfunga mjane maisha yake yote.

Na ninyi wakatekumeni mlioachana na waume au wake zenu kwa sababu ya vita, nanyi hamjabatizwa bado, msikate tamaa wala msijiamulie wenyewe. Mwaka 1585 Papa Gregori XIII alitoa sheria ya pekee kwa ajili ya watu waliotekwa utumwani, nao wa Angola wakiwa kati yao, waliotenganishwa na wake au waume zao wapagani kisha wakabatizwa ugenini. Hata leo sheria ya Eklezia inawakumbuka wale wasioweza kurudiana kwa sababu ya kufungwa au kuteswa. Mwambieni padri habari yote, bila kuficha, kabla ya Ubatizo.

VII. WANAOPOTEA KWA KUPENDA

Mpaka sasa tumesema juu ya wanaotafuta. Lakini aliyepotea naye, akiwa na akili na uhuru, ana wajibu. Kijana aliyekwenda kuchimba dhahabu au shaba, hakupata kitu, akaona aibu kurudi mikono mitupu, anamnyima mama yake usingizi kwa ajili ya kiburi kidogo. Mama hangojei mali. Anangoja sauti. Mwana mpotevu katika Injili alirudi bila viatu, na baba yake hakumwuliza fedha zilikwenda wapi.

Na akipatikana, tumpokeeje? Wengine wanarudi wakiwa na kilema, au wamesahau lugha ya nyumbani, au wana dini nyingine. Wasichana wanarudi na watoto waliozaliwa msituni. Wavulana wanarudi wakiwa wameshika silaha kabla ya kuota ndevu. Mwaka 2012 mahakama ya kimataifa ya The Hague ilimhukumu kiongozi mmoja wa Ituri kwa kuwatumia vitani watoto wasiotimiza miaka 15. Hao walinyang'anywa utoto wao. Mtu asimwite mtoto wao «mtoto wa adui». Ubatizo haujui jina hilo.

Tena kuna aliyepatikana asiyetaka kurudi. Akiwa mtu mzima, tusimkamate kama mbuzi aliyekata kamba. Msalaba Mwekundu wenyewe hautoi mahali alipo mtu bila yeye kukubali, humwuliza kwanza. Hiyo ni adabu njema. Tunamtafuta ndugu ili tujue kwamba yu hai na kumwambia kwamba mlango u wazi. Kuingia ni juu yake.

VIII. MPAKA LINI?

Basi tutafute mpaka lini? Miguu inaweza kusimama bila dhambi, nguvu na njia zikiisha. Masikio yasizibwe kamwe. Moyo usimame siku tutakapofika mbinguni.

Lakini ikiwa hakupatikana kabisa, je, kazi yetu ilikuwa bure? Mtazameni mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, katika Sudani, yapata mwaka 1869. Dada yake alikuwa ametekwa. Baadaye naye akatekwa, angali mtoto mdogo. Kwa hofu alilisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Jina Bakhita, maana yake «mwenye bahati», alipewa na waliomteka. Aliuzwa mara nyingi. Mwaka 1885 alifika Italia, na tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa. Akawa mtawa, akafa tarehe 8 Februari 1947, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Hakuwaona tena baba yake, wala mama yake, wala dada yake.

Je, tuseme wazazi wake walipoteza machozi yao bure? Hatujui sala gani ilipanda kutoka kijiji kile, kwa lugha gani, wala kwa jina gani walimwita Mungu. Lakini tunajua kwamba mtoto wao hakupotea machoni pake. Alisahau jina lake, Mungu hakulisahau. Mwenye kumtafuta ndugu yake kwa upendo anatafuta upande ule ule Mungu anaotafuta, na hao wawili hawatakosa kukutana.

MASWALI NA MAJIBU KWA KUKUMBUKA

Swali: Je, ni wajibu kumtafuta ndugu aliyepotea?
Jibu: Ndiyo, kila mtu kadiri ya uwezo wake, bila kuwanyima haki wale anaowalea.

Swali: Tunamtafuta kwa namna ngapi?
Jibu: Kwa namna tatu: kwa miguu, kwa masikio na kwa moyo. Ya kwanza inaweza kukoma. Ya pili na ya tatu zisikome.

Swali: Mwenye habari ya aliyepotea afanye nini?
Jibu: Aitoe kwa ukweli na kwa busara, wala asiifiche kwa ajili ya faida.

Swali: Je, ni halali kuulizia kwa mpiga ramli?
Jibu: La. Ni kosa juu ya amri ya kwanza, tena huleta chuki katika ukoo.

Swali: Je, mume asiyeonekana miaka mingi amekuwa kama aliyekufa?
Jibu: La. Miaka haitoshi. Askofu ndiye anayeamua baada ya uchunguzi.

Swali: Tuombeje kwa ajili ya ndugu ambaye hatujui kama yu hai?
Jibu: Tuombe hivi: Ee Mungu, wewe unajua alipo. Akiwa hai, mlinde na umrudishe. Akiwa amekufa, mpe raha ya milele. Nasi tupe uvumilivu, na mlango wetu usifungwe. Amina.